Beki Aliyefeli Mtihani kwa Makusudi

Saa tatu na nusu asubuhi, chumba cha kubadilishia nguo cha timu ya Kalliosalmi, Finland. Nje baridi ni nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Viljami Hakkarainen anafunga kamba za kiatu cha kushoto huku midomo ikimcheza kama anayesali.

"Birika. Mchanga. Limau. Ngazi..."

Anaanza upya. Neno la tano haliji.

"Haka, unaongea na viatu tena?" anauliza mzee Raimo Tossavainen, mnoaji wa vyuma vya viatu vya timu vya kutelezea barafuni. "Vikikujibu niite, tutoze watu kiingilio."

Chumba kizima kinacheka. Hakkarainen anacheka kuliko wote, ila kamba zimemshinda.

Maneno hayo matano huandikiwa na mkewe, Saimi, kila Jumapili. Ni mtihani wa siri wa watu wawili, na wiki hii anaufeli tangu Jumatatu.

Hakkarainen, miaka thelathini na nne, ni beki wa magongo ya barafuni, daraja la pili. Misimu kumi na tatu, mechi 611, mabao tisa. Usimcheke. Kazi ya beki ni kusimama mbele ya kisahani kigumu cha mpira kinachokuja kwa kasi ya gari la barabara kuu, na kukikinga kwa chochote alichojaliwa: goti, mbavu, hata uso. Kwa hilo hulipwa euro 2,400 kwa mwezi, tena miezi tisa tu. Kiangazi huezeka mapaa ya watu. Meno yake matatu ya mbele hulala ndani ya kikombe bafuni.

"Kisahani sikiogopi," anasema. "Kinavunja mfupa, mfupa unaunga. Ninachoogopa ni nilichofanya Agosti."

Kila Agosti daktari huwapima wachezaji kumbukumbu wakiwa wazima, alama zikawekwa. Mchezaji akigongwa kichwa msimu ukiendelea, hupimwa tena. Alama zikishuka, hachezi.

Vijana nao wana ujanja wao. Agosti unajitia ujinga. Unasahau kwa makusudi, ili siku ukigongwa na kuboronga, ionekane ndivyo ulivyoumbwa. Anayefeli kuliko wote hununuliwa soseji na wenzake.

"Mwaka huu soseji nilikula mimi," anasema.

Januari kumi na moja, mechi ya ugenini, alisukumwa kutoka nyuma na kichwa kikapiga ukuta wa uwanja. Safari ya muda wa saa tatu ya kurudi nyumbani haikumbuki hata kidogo. Siku ya sita akapimwa, na alama zake zikazidi zile za Agosti.

"Hongera," alimtania daktari wa timu, Pihla Ruokonen. "Wewe ni wa kwanza kugongwa ukaongezeka akili."

Akatia sahihi. Acheze.

Nyumbani, Saimi anafungua kabati la jikoni. Kuna pakiti nane za kahawa, zote za aina moja.

"Kila akitoka mazoezini anapitia dukani," anasema. "Nimemwambia tufungue mgahawa." Anacheka, kisha anafunga kabati polepole, kana kwamba kuna mtu amelala ndani.

"Mwambie daktari, Viljami."

"Nikimwambia msimu umekwisha. Mkataba unaisha Aprili. Nani atamsajili beki mzee mwenye kichwa cha mitumba?"

"Na ukigongwa tena Jumamosi?"

Jumamosi wanacheza na majirani zao, na majirani hao hawajawahi kucheza kwa upole.

"Huenda niko salama," anasema Hakkarainen baadaye. "Huenda nasahau kama mtu yeyote aliyechoka. Sijui, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Hakuna ajuaye kichwa changu kilikuwaje kilipokuwa kizima. Aliyeniuliza alikuwa mmoja tu, daktari, nami nikamdanganya."

Mara anapiga meza kwa kofi, uso umemng'aa kama aliyefunga bao la kumi.

"Farasi! La tano ni farasi!"

Saimi anatazama karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Anakawia kuigeukia meza.

"Kengele, mume wangu. Farasi lilikuwa la mwezi uliopita."

Hakkarainen anamgeukia mwandishi wa makala haya.

"Gazeti lenu linatoka siku gani?"

"Jumamosi asubuhi."

"Mechi ni saa kumi na moja jioni." Anahesabu kwa vidole, taratibu, kisha anahesabu tena. "Basi andika yote. Usiache hata kahawa. Ijumaa nakwenda kwa daktari kwa miguu yangu, nimwambie alama za Agosti ni uongo. Miguu ikikataa, Jumamosi atasoma mwenyewe kabla sijavaa viatu."

Anasema akiruhusiwa kurudi uwanjani, Agosti ijayo atafanya mtihani kwa akili zake zote, hata zikiwa zimebaki chache.

"Na wenzako?" anauliza Saimi. "Umewaanika wote. Watakununia."

"Waninunie," anasema Hakkarainen. "Soseji yao nitawarudishia."