Matangazo ya ndoa yamesomwa mara mbili, sasa anataka nibebe kosa lake

Admin, jina langu lifiche. Nina miaka ishirini na saba, naishi Sumbawanga mjini, natengeneza mifumo ya kompyuta kwenye ofisi ndogo. Mchumba wangu yupo ofisi hiyo hiyo na ndiye mkubwa wangu wa kazi. Matangazo yetu ya ndoa yameshasomwa parokiani Jumapili mbili. La tatu ni wiki hii, na huenda lisisomwe.

Chanzo ni kiprogramu. Mchumba wangu aliandika nyongeza ya kuweka kwenye programu tunayoandikia mifumo yetu, ituonyeshe makosa mapema. Tukaiweka wote. Tangu hapo kompyuta zinaganda, yangu zaidi kwa kuwa ni ya zamani. Feni yake ilivuma hadi mwenzetu mmoja akawa ananiuliza, "Shemeji, leo unasaga ulezi?"

Nilichunguza. Kila ukihifadhi faili, nyongeza ile inaanzisha kazi nyingine nyuma ya pazia, na za mwanzo haizizimi. Zinarundikana mpaka mashine inashindwa. Nilimwambia mchumba wangu tukiwa wawili. Akasema ameshaliona, atarekebisha, nisimwambie mtu. Nikanyamaza.

Kisha wanunuzi wa mahindi wa Laela wakapiga simu: mfumo wa mizani tuliowatengenezea umegoma, wakulima wamepanga foleni na magunia yao. Marekebisho yalikuwa kwangu, na kompyuta ikaganda. Bosi, mwenye ofisi, akauliza kuna nini. Mchumba wangu akanionyesha kwa kidevu, akasema nafungulia mambo yangu binafsi kwenye mashine ya ofisi. Bosi akaniambia nikusanye vitu vyangu.

Sikulia. Niliiwasha upya kompyuta, nikageuza kioo chake wote waone. Nikahifadhi faili, orodha ya kazi ikaongezeka. Nikahifadhi tena, ikaongezeka. Nikaondoa nyongeza yake, feni ikatulia, nikamaliza marekebisho na Laela wakaendelea kupima. Ndipo nikasema, "Hili analijua. Nilimwambia, akaniomba ninyamaze." Bosi akaniambia nirudi kwenye kiti changu.

Jioni yake mshenga alikuja nyumbani, mzee wa heshima kutoka Mpui. Alisema mchumba wangu yuko tayari kunisamehe iwapo nitawaambia ofisini kwamba nilikosea. Nikikataa, atakwenda kwa paroko kusimamisha tangazo la tatu.

"Mwanangu, mke haumbui mume wake mbele za watu."

"Baba, bado si mume wangu. Na yeye alitaka nifukuzwe mbele za watu hao hao."

Akaomba maji ya kunywa.

Mama anasema sare zimeshashonwa, nimeze tu. Dada za mchumba wangu wameniandikia kwamba nimesoma hadi nikasahau kuolewa.

Ndugu zangu, msinishauri kuomba radhi. Siombi, kwake wala kwa ukoo wake. Ninachouliza ni kimoja: nimwache atangulie kwa paroko akasimulie anavyotaka, au niende mimi kesho, nisimamishe tangazo mwenyewe na sababu niitaje? Nishaurini kabla ya Jumapili.