Udugu wa Sufuria Moja na wivu ulionipeleka stendi ya Ruangwa

Habari za mchana wakuu. Hili nalileta kama lilivyonikuta, sijatia chumvi.

Nimesoma chuo kimoja hapa Nachingwea. Pale kuna udugu wa wanachuo wanaume unaitwa Sufuria Moja.

Tuliambiwa ulianzishwa na vijana waliokwama chuoni likizo, hawana nauli ya kwenda kwao, wakawa wanapikia sufuria moja.

Mila zake chache ila zinashikwa kweli kweli. Ukiingia mwaka wa kwanza unapewa kaka, mwanachuo aliyekutangulia, na wewe unakuwa mdogo wake. Siku ya kukaribishwa mnakula sahani moja.

Na kaka akioa, mdogo wake ndiye mpambe, anakaa naye bega kwa bega.

Kaka yangu ni Rashidi wa Ruangwa. Mwezi uliopita kaoa. Nikashona kanzu mapema, nikawatambia watu kijijini kwetu Mnero.

Nafika Ruangwa asubuhi, namkuta Hamisi kavaa sare na bwana harusi. Hamisi! Kaja chuo nyuma yangu, na kaka yake ni mtu mwingine kabisa.

Wakuu, wivu uliniwaka mpaka jasho likanitoka. Namwona anamwekea sawa Rashidi kilemba, natamani kidondoke.

Rashidi akaniona. "Mdogo wangu, usiende mbali, nina shughuli na wewe."

"Sawa kaka." Moyoni nasema shughuli gani, kubeba masufuria ya pilau?

Nikaenda zangu stendi, nikazima simu, nikaagiza chipsi. Hata hazikushuka.

Kurudi, ndoa imeshafungwa. Mama yake Rashidi akanidaka mlangoni.

"We mwanangu, ulikuwa wapi? Shehe kakuita mpaka kachoka! Hamisi kapewa mambo ya picha tu. Shahidi wa ndoa kaka yako alikutaka wewe."

Kwenye nafasi yangu alikaa mzee jirani, aliyekuja zake kula pilau.

Nilichojifunza: uliza kwanza, nuna baadaye. Mimi nilianza na kununa.

Mliowahi kususa shughuli ya mtu wenu wa karibu, mlirudije kwake? Rashidi hajanisema hata neno, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Hamisi nimeshamwachia picha zake. Sasa hivi wivu wote uko kwa yule mzee.