Agizo la Concilie kwa Mashine za Bondeni

Concilie hapendi kurudia kazi. Huo ndio ugonjwa wake, na mimi Pudentienne, dada mkubwa wa mumewe, ndiye niliyeugundua kwanza, mwezi uleule mdogo wangu Claude alipomleta nyumbani kwetu Rugenge, mjini Uvira. Mimi ni fundi cherehani. Siku hizo nilikuwa na sare za kwaya nzima ya parokia, nikamwomba bibi harusi anisaidie kukata kola. Akakata ya kwanza, akaitazama kwa dharau, akaenda kutafuta boksi la sabuni. Akachora kola juu ya boksi, akalikata, akakunja kitambaa mara kadhaa, akakata kola nyingi kwa pamoja.

"Weye uko muvivu," nikamwambia.

"Hapana, Yaya. Sipendi tu kuchoka bure." Yaya kwetu ni dada mkubwa.

Nilinuna, lakini lile boksi nililitumia mpaka likachakaa.

Amezaliwa Kiliba, katika ukoo wa wakulima wanaosema Kirundi, watu wa mpunga na misa ya asubuhi. Baba yake alitaka awe muuguzi. Yeye akavuka mpaka kwenda Bujumbura kusomea kompyuta, akarudi na diploma na miwani, na baba akakaa muda mrefu hajui awaambie nini majirani. Baadaye akaajiriwa na mtandao mmoja wa vituo vya afya, vingine vikiwa bondeni kwenye tambarare ya Ruzizi, vingine kando ya ziwa, vingine juu milimani. Ndani ya kompyuta za vituo hivyo mna majina ya wagonjwa wa dawa za kila siku: wenye virusi, wenye kifua kikuu, na wanawake waliotendewa unyama ambao hawajawaambia hata mama zao.

Mwanzoni kazi yake niliielewa. Alipanda pikipiki, akaenda kituo hiki na kile, akatengeneza kompyuta moja baada ya nyingine, akarudi nyumbani na matope mpaka kwenye nyusi. Kazi ni hiyo, mtu anachoka na unamwona amechoka. Kisha siku moja nikagundua kwamba pikipiki haimchukui tena. Anakaa mezani kwangu, karibu na cherehani, anaandika mistari kwenye kioo cheusi kisicho na picha wala rangi, anabonyeza, anakunywa chai.

"Na vituo?" nikamuuliza.

Akanieleza kwa subira, kama anavyomweleza binti yake Délice. Kuna mashine kubwa iko mbali sana, inayosimamia zote. Yeye anaiandikia amri kwa maneno: kwa kila mashine ya mahali fulani, fanya hivi, ikishindikana, fanya vile. Kompyuta ya kituo ikiwashwa na kupata mtandao, jambo la kwanza inaiuliza ile kubwa, "Kuna agizo langu?" Likiwepo, inalitekeleza. Muuguzi hata hajui.

"Sasa bakubwa banakulipa juu ya kuandika mistari?"

"Banalipa juu vituo vyote vinapona siku moja, Yaya."

Kola za kwaya tena. Nikaachana naye.

Mwaka ule vita vilishuka kutoka kaskazini, na milimani kulikuwa na vita vyake vya siku zote ambavyo redio haivisemi sana. Watu wa juu walikuwa wanashuka Uvira na magodoro, na kila nyumba ilipokea. Mimi nikampokea Candide, mama kijana kutoka Bijombo, na mtoto wake mchanga mgongoni, Irankunda. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono safi. Alifagia uwanja kabla sijaamka. Kitu kimoja tu kilinitia wasiwasi. Alikuwa anazidi kukonda, ingawa chakula chetu kilikuwa kinatosha, na nilipomwambia aende kituo cha afya aliinamisha kichwa akasema, "Hapa habanijue."

Nilimwona mkaidi. Mgonjwa gani anayesubiri kujulikana? Nilimsema vibaya moyoni, na mara moja kwa mdomo pia.

Februari, Bukavu ikaanguka. Habari zilifika Uvira kabla ya watu, kisha watu wakafika, kisha watu wenye bunduki wasio na mkuu wa kuwazuia, na risasi zikaanza kulia mchana mjini. Maduka yalivunjwa. Docteur Damien, mkuu wa mtandao ule wa vituo, alimpigia Concilie simu, na mimi nilikuwa hapo napima gauni.

"Madame Concilie, hawa wakibeba kompyuta zetu, watasoma majina. Mwanamke atatajwa barabarani. Nifanye nini?"

"Docteur, nipe mpaka jioni."

Hakuhitaji mpaka jioni. Alihakikisha kwanza kwamba nakala za majina ya vituo vyote vya bondeni na kando ya ziwa zimekwisha kufika kwenye ile mashine kubwa. Zilikuwa zimefika zote. Basi akaandika agizo lake, akanisomea kwa Kiswahili ili nisikie uzuri wake: kila mashine inayoingia kwa mtandao wa bondeni au wa kando ya ziwa, ikiwashwa tu, ijifute yenyewe. Mwizi akiiba, atawasha kioo kitupu. Za milimani aliziacha, kwa sababu antena ya Bijombo ilivunjika tangu Noeli, kabla majina ya kule hayajaanza kunakiliwa popote. Yako mle ndani tu.

Alibonyeza. Akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa changu cha hariri, ambacho si cha kufutia miwani. Nilimwacha, kwa sababu alistahili.

Kesho yake asubuhi, watu wengi wakielekea Kavimvira kuvuka kwenda Burundi, simu ya Concilie ililia ujumbe. Ulikuwa umetoka kwa Papa Gédéon, muuguzi wa Bijombo. Akatusomea kwa sauti akicheka kwa furaha: "Madame, nimeshuka. Machine yetu niliificha mu mufuko wa maharagi, haina hata alama. Niko ku kituo cha Kavimvira. Natafuta tu courant niiwashe, nikutumie majina yote."

Kicheko kikamkatika katikati. Sijawahi kuona uso ukibadilika vile.

"Yaya. Ataiwasha bondeni."

"Sasa? Si ndiyo vizuri?"

"Agizo langu linaangalia mahali! Mashine ya Bijombo ikiingia kwa mtandao wa Kavimvira, itahesabiwa ya bondeni. Itajifuta! Na hakuna nakala!"

Akapiga simu ya Gédéon. Imezimwa; huyo mtu alikuwa anatafuta umeme, na bila shaka ule ujumbe ulimalizia chaji yake. Akafungua kompyuta yake abadilishe agizo. Mtandao wa Rugenge ulikuwa umekufa saa ileile, baada ya kutuletea ule ujumbe tu, kama vile umekuja kutucheka.

Ndipo Candide, aliyekuwa mlangoni ananyonyesha, akasimama.

"Ile machine ya Bijombo," akasema, "ni mule niko. Minye na batu bengi. Papa Gédéon peke anajua dawa yangu ni gani na ya mutoto ni gani. Niliogopa kuambia muntu mwingine. Ikijifuta, nitaanzia wapi?"

Nikaelewa yote kwa pamoja: kukonda, ukaidi, kichwa kuinama. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Lakini haya haisukumi miguu, nikavaa viatu.

Pikipiki hazikuwepo; wenye nazo walikuwa wamezificha au wameshavuka. Tulitembea kwa haraka, Concilie na mimi, katikati ya umati uliobeba sufuria, mbuzi, cherehani za wenzangu. Kavimvira kuna mtandao wa Burundi unaoshika vizuri karibu na mpaka, na Concilie alikuwa na laini ya kule kwenye pochi tangu siku za masomo. Njia nzima alikuwa anajigombeza.

"Nimepanga mashine kwa mahali! Minye! Mutoto wa Kiliba! Nani hapa anabakiaka mahali pake?"

Kweli. Babu yake alikimbia, baba yake alikimbia, yeye mwenyewe alizaliwa safari ikiwa bado haijaisha. Huku kwetu vita vikija, watu hawafungi mlango na kuacha vitu; vitu vinahama na watu, vinafichwa kwa mjomba, kwenye sakristia, kwenye maharagwe. Vitabu alivyosomea viliandikwa na watu ambao ofisi yao inaamka ilipolala. Hilo ndilo kosa lake lote, na sitamruhusu mtu mwingine amseme kwa hilo isipokuwa mimi.

Karibu na ukuta wa forodha simu yake ikashika mtandao. Akachuchumaa, akaweka kompyuta juu ya mzigo wa mtu aliyekuwa amekaa kupumzika, bila hata kuomba ruhusa.

"Ondoa agizo lote!" nikamwambia. "Ondoa tu, tuende!"

"Nikiondoa, zile za Sange na Kiliba zitabaki wazi, na batu benye bunduki beko kule."

"Basi toa hii moja!"

"Na nyingine zimehamia wapi, Yaya? Unajua? Minye sijue. Ngoja." Vidole vilikuwa vinakimbia. "Agizo halitaangalia tena mahali. Litauliza mashine yenyewe: majina yako yamefika? Kama bado, yatume kwanza. Yakifika, ndipo ujifute. Weye kimbia kwa Papa Gédéon. Mwambie asiwashe!"

Nina umri wangu, na mwili wangu unajulikana Rugenge yote. Nilikimbia. Niliita "Papa Gédéon!" kwenye uwanja wa kituo mpaka mlinzi akafikiri nimeleta maiti. Hakuwemo. Mwanamke mmoja akanionyesha saluni ya nywele ng'ambo ya barabara, yenye jenereta, ambako watu walikuwa wanachajisha simu zao kabla ya kuvuka.

Alikuwa ndani, mzee mwembamba mwenye vumbi la maharagwe kwenye koti, na mbele yake kompyuta imewaka. Kioo kilikuwa kinang'aa. Na kijana wa saluni alikuwa ameshampa mtandao wake.

Sikusalimia. Nilichomoa waya. Betri ya mashine ile ilikuwa imekufa zamani, ikazimika palepale.

"Mama, uko na kichaa?" Gédéon akafoka. "Nimeibeba kwa miguu kutoka Bijombo!"

"Na mimi nimekimbia kutoka kwa mpaka! Kaa chini!"

Nikamweleza, nikihema, nikichanganya maneno. Alikaa. Kisha akauliza swali ambalo na mimi lilikuwa linaniuma: ilikuwa imeshapokea agizo au bado? Hakuna aliyejua. Tuliitazama ile mashine nyeusi juu ya meza ya mafuta ya nywele. Niliogopa kuliko nilivyoogopa risasi, kwa sababu risasi ningezisikia.

Concilie alifika. Aliona waya mkononi mwangu, akaona sura zetu. Akasema agizo jipya limekaa mahali pake. Akachukua waya, akauchomeka. Kioo kikaamka polepole, kikasema kimekatwa vibaya mara ya mwisho, kikataka kujikagua. Tulisubiri. Gédéon alikuwa anasali Baba Yetu kwa Kifuliiru, na mimi nikajibu Amina ingawa hakuwa amemaliza.

Kisha mistari ikaanza kupita kwenye simu ya Concilie, mmoja mmoja, ile mashine kubwa ikihesabu kinachoingia kutoka Bijombo. Concilie akaweka mkono kinywani.

"Biko," akasema. "Biko byote, majina yote. Binapanda."

Yalipofika yote, kompyuta ya Bijombo ikajifuta mbele ya macho yetu, kama ilivyoagizwa, na Gédéon akaipigapiga kifuniko kwa upole, akasema asante. Concilie na mimi tulikuwa tunalia. Kijana wa saluni akatudai hela za umeme, na Concilie akamkumbatia.

Hatukuvuka mpaka. Tulirudi Rugenge, na kwa siku kadhaa tuliishi chini ya usawa wa madirisha, tukikwepa risasi. Vituo viwili vilivunjwa na kompyuta zao kubebwa. Moja ilionekana baadaye sokoni, na mwuzaji akawa analalamika kwamba ameuziwa kitu kisicho na kitu ndani. Concilie aliposikia alicheka mpaka akakohoa. Mji ulipotulia kidogo, Docteur Damien akatafuta kompyuta nyingine, na Concilie akaandika mistari yake mezani kwangu, na zile mpya zikajijazia majina ya zamani, ya bondeni na ya milimani pamoja, ili mgonjwa apokelewe popote alipokimbilia.

Candide nilimpeleka mimi mwenyewe kwenye kituo cha karibu. Sikuingia naye, nilikaa nje na mtoto, nikijifanya naangalia mshono wa gauni la mwanamke mmoja. Nilikuwa naomba tu asiulizwe mbele za watu.

Hakukawia. Alitoka na kifuko mkononi, akaja akakaa karibu nami kwenye benchi, macho chini. Nikafikiri wamemkatalia, hasira ikaanza kunipanda.

"Banasema nini?" nikamuuliza.

"Sikuelezea kitu, Yaya. Nilisema jina tu. Yule muuguzi, infirmière wa hapa, sijamuona hata siku moja. Aliangalia mule, akaniletea dawa yangu na ya mutoto. Kisha akaniuliza..." Akakigusa kichwa cha mtoto. "Akaniuliza, Irankunda alipona kile kikohozi cha Bijombo?"

Akalia kwa sauti, pale mbele ya watu wote, mtu ambaye hakuwahi kupaza sauti nyumbani mwangu. Nikampa mtoto wake amshike.