Ebla Juu ya Kichuguu cha Saruji

"Ebla, walaal, dada yangu, kwani mbingu imeteremsha ngazi, ndiyo kila Ijumaa unaifuata?"

Rukiyo, jirani yake wa ukuta kwa ukuta katika mtaa wa Iftin, Garissa, alimwuliza hivyo siku moja wakichambua mchele. Ebla alicheka tu. Mnara aliokuwa akiupanda kila Ijumaa ulikuwa ndani ya bustani ya mji, saruji tupu chini hadi juu, hauna rangi wala pambo. Ngazi ziliuzunguka kwa nje kama kamba iliyofunga mzigo, na juu kabisa palikuwa na jukwaa pana la kusimama watu. Aliyeuchora, walisema, ni mtu wa mambo ya kisasa. Wenye mji walipouona waliuita Kichuguu, na jina likakaa.

Ebla alikuwa na sababu yake. Alizaliwa nyikani, upande wa Griftu, mtoto wa wafugaji, na marehemu baba yake alipopotelewa na ngamia alimpandisha yeye juu ya kichuguu cha kweli, kwa kuwa macho yake yalifika mbali. "Usitafute ngamia," alimwambia. "Tafuta kitu ambacho jana hakikuwapo." Baadaye ukame ukawamaliza ngamia, mume akatangulia mbele ya haki, na Ebla akahamia Garissa kuuza maziwa. Hayo maziwa ndiyo yaliyomlea binti yake Ugbad mpaka akaolewa.

Sasa Ugbad alikaa kwenye mashamba ya kando ya mto Tana, pamoja na mume wake Dagane na watoto wao wadogo. Kutoka juu ya mnara mama aliiona nyumba yake ya mikeka, imeinama mviringo kama kobe aliyelala. Akishaiona, alisema alhamdulillahi, akashuka.

Ijumaa moja alipanda baada ya sala ya alasiri. Mbingu ilikuwa kavu, haina wingu hata la kumfunika ndege. Chini alimkuta Jelle, askari wa mnara, ambaye humwita eddo, yaani shangazi, ingawa si wa damu moja.

"Eddo, leo magoti yametoa ruhusa?"

"Magoti hayaulizwi, Jelle. Wewe nichungie kandambili, zisipande cheo kuliko mimi."

Akapanda kwa bismillahi. Juu hapakuwa na upepo. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, unabeba miti mizima na mizizi yake, lakini ulikuwa bado ndani ya kingo zake, na hilo halikumtisha. Alitafuta kitu ambacho jana hakikuwapo. Akakiona.

Yangeyange, wale ndege weupe wa majini. Walisimama kimya katika mstari mrefu mweupe, wala si mtoni. Walikuwa nyuma ya mashamba, pale mbuzi walipozoea kulala. Na yangeyange hasimami mavumbini kwa foleni; hufuata ukingo wa maji. Mstari ule ulipinda kama mundu, ukaizunguka nyumba ya Ugbad kwa nyuma pamoja na nyumba za jirani zake, na ncha za mundu zilikuwa zinatafutana. Katikati yake ilibaki njia moja tu ya vumbi.

Nyumba ile waliijenga pamoja, mama na binti, wakachagua bondeni pasipofika upepo, kama walivyofundishwa na waliowazaa. Kule Griftu bonde humkinga mtu. Hapa, bonde lile lilikuwa mkondo wa zamani wa mto, na mto ulikuwa unarudi kwake.

"Jelle!" aliita chini. "Mvua imenyesha wapi?"

"Milimani kwa watu huko, eddo. Redio imesema. Sisi hapa kukavu, na mto uko mbali na akina Ugbad."

"Uko mbali na mlango. Uani umeshaingia."

Akatoa simu, akamwambia binti yake maji yanamzunguka kwa nyuma, avunje nyumba ahame. Ugbad aliposikia, alicheka kidogo.

"Hooyo, mama yangu, hapa ni vumbi tupu. Dagane yuko malishoni na mbuzi, na kesho lori linakuja kuchukua tikiti maji. Nikibomoa nyumba na mbingu iko hivi, nitachekwa mpaka Galbet kule mjini."

"Vyura je?"

"Wanalia tangu adhuhuri," Ugbad akasema, sauti imepungua. "Nyuma ya nyumba. Nilidhani ni mtaro wa shamba."

"Na wenzako?"

"Wote wamekaa. Kila mmoja anamtazama mwenzake."

Ebla alijua maana yake. Nyumba ya mikeka ni ya mwanamke. Yeye huisuka, yeye huisimamisha, na siku anapofungua kamba ya kwanza, hakuna mume wala mzee wa kubisha: safari imeshaamuliwa. Wanawake wengine wakiiona kamba hiyo ikilegea, huacha walichoshika, nao hufungua zao. Lakini lazima awepo wa kwanza.

"Nimngoje Dagane, hooyo. Kesho mapema."

Kule mbali yangeyange mmoja aliruka, akatua mbele kidogo, kwenye ile njia ya vumbi. Akainamisha mdomo, akanywa.

Ebla alishika ukingo wa saruji kwa mkono mmoja. Hakupaza sauti. Alimwita binti yake kwa neno lile lile, maana kwetu mama na mwana huitana kwa jina moja.

"Hooyo, naomba ufungue kamba ya kwanza sasa hivi, nikiwa bado nakuona."