Waridi la Baba Pembeni mwa Ubao

Harufu ya tapetaini, mafuta ya kufutia rangi, ikinipita puani, hata hapa Dubai penye udi na vumbi la saruji, naona ukuta wa nyumba yetu Unguja, ambapo baba aliegemeza vibao vyake vikauke. Baba alikuwa mwandishi wa vibao vya maduka. Herufi zake zilikuwa na mikia, na majani, na kivuli cha rangi ya dhahabu, na chini pembeni aliweka waridi dogo, ukubwa wa kidole gumba. Alilirithi kwa babake, aliyekuwa akilichonga kwenye milango. Jina hakuandika, ukiona waridi ushajua mkono wa nani. Mimi shule niliiacha mapema nilee wadogo zangu, kusoma nimejifunzia kwenye vibao hivyo, basi msinitafutie maneno makubwa.

Vuli moja, nina miaka kumi hivi, baba aliajiriwa kwenye karakana ya mabango. Akaletwa mwalimu kutoka nchi za baridi awafundishe uandishi mpya: nyekundu na nyeusi basi, herufi nene zilizonyooka kama mbao, neno moja limelazwa upande kama linapanda mlima, na pengine pote patupu. Mama alipoziona karatasi za mazoezi alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Zuhura, herufi umezivua nguo?" Jirani naye dirishani: "Fundi, kilichokwisha rangi au mkono?" Baba hakukasirika. Msidhani aliuchukia uandishi ule, aliupenda. Aliniambia, "Zuhura, tazama. Hapa huwezi kuficha kosa chini ya jani." Akala na rula, akalala na rula.

Bango lake la kwanza likasimamishwa njia panda. JENGENI, nyeusi juu ya mstari mwekundu ulioinama. Watu walisimama kutazama, nami nikaringa, maana pembeni kulikuwa na waridi letu. Msimamizi wa karakana, mtu wa mtaani kwetu, akaja na kitambaa chenye tapetaini. "Ua linaharibu kazi. Lifute."

"Hilo ndilo jina langu, bwana."

"Kazi hii haina jina. Futa, au weka brashi chini uende zako."

Nyumbani tulikuwa watoto watano. Baba akafuta. Waridi likaacha doa la pinki, akarudia, akarudia tena, mpaka pakawa peupe, na watu wote wapo. Hakulichora tena maishani mwake. Nilipoolewa nilimwomba anichoree kwenye sanduku langu, akasema mkono umesahau. Alinidanganya, nami nikamwachia.

Sasa naishi Al Twar, hapa Dubai, na mjukuu wangu Salma, aliyesomea kazi hizi za matangazo. Juzi kanipeleka Jumeirah Lake Towers, kwenye mkahawa mpya aliopamba ukuta wake. Rangi bado inanuka. Nyekundu, nyeusi, neno moja limelala upande, pengine patupu. Vijana wanapigana picha mbele yake.

"Bibi, umependa?"

"Nimependa. Sasa pale pembeni weka waridi la baba yangu."

Kisa chake anakijua. Nimemsimulia tangu mdogo. Akacheka, akanibusu kwenye paji la uso. "Ua litaharibu kazi, bibi. Khalas, basi, tuiache hivyo hivyo."

Nikanywa kahawa yao. Baba alisimamiwa ndipo akafuta. Huyu hakusimamiwa na mtu.