Nilimpeleleza mke wangu, lawama nikamwachia shemeji

Admin, jina langu baki nalo wewe. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, mwalimu wa sekondari. Naishi Madale na mke wangu na watoto wawili. Mdogo wake mke wangu, binti anayetafuta kazi, naye alikuwa akiishi kwetu. Msinitukane sana, nimeshajitukana vya kutosha.

Mke wangu alianza kushinda kwenye kompyuta ya nyumbani, na nikiingia anafunga alichokuwa anaandika. Wivu ukanipanda. Nikaweka programu ya siri inayonakili kila kinachoandikwa na kunitumia kwenye simu. Nilikuwa natafuta mwanaume, nikakuta anamwandikia rafiki yake wa chuo: "Tangu mama afariki najifungia bafuni nalia. Mume wangu simwambii, ana mzigo wake." Mtu mwenye akili angeitoa siku hiyohiyo. Mimi niliendelea kusoma miezi mitatu.

Kompyuta ikawa nzito, akaipeleka kwa fundi Mwenge. Fundi akamwambia, "Sista, humu kuna programu inakuchunguza. Kuitoa inataka neno la siri la aliyeiweka, na huyo ni mtu wa ndani kwako." Alirudi akanisimulia yote. Nikamwambia aniachie, nitahangaika nayo. Nikajifungia chumbani, nikaandika neno langu la siri, ikatoka kwa dakika mbili. Nilikaa humo saa nzima ili ionekane kazi ilikuwa ngumu.

Sasa huyo mtu wa ndani ni nani? Akamshuku mdogo wake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akitumia kompyuta kutuma maombi ya kazi. Akaniomba, kama baba wa nyumba, niitishe kikao. Na niliitisha! Nilikifungua kwa sala, jamani. Binti akalia, "Dada, mie hata sijui hicho kitu kinafananaje." Mke wangu akanigeukia, "Baba watoto, wewe unasemaje?" Nikasema, "Aombe msamaha yaishe." Alikataa. Kesho yake akafungasha, akaenda kwa rafiki yake Kinyerezi.

Kwenye jumuiya mke wangu ananisifia kwamba nimeiokoa nyumba, nami naitikia amina. Nikisema ukweli, ndoa sina. Nikinyamaza, hawa ndugu wa tumbo moja hawatazungumza tena.

Jana shemeji kanitumia ujumbe: "Shemeji shikamoo. Nimechoka kununiwa na dada. Nielekeze hiyo programu huwa inawekwaje, nimwambie ni mimi."

Nishaurini ndugu zangu, nimjibu nini?