Kusoma Wawili Wawili

Leo mtu amepaka polishi ya sakafu kwenye ngazi za jengo letu, na harufu yake imenikalisha chini.

Nilipokuwa mtoto, mimi na Mama tulihamia ugenini, ndugu zetu wote tukawaacha kwetu. Mama alikuwa akisafisha ukumbi mmoja kule mtaa wa Glenwood, ambako Wayahudi, vijana kwa wazee, walikuja kufundishwa maandiko yao. Baada ya shule nilimngojea humo, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza na mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Desturi yao ilikuwa kusoma wawili wawili: mmoja anasoma, mwenzake anamuuliza maswali mpaka wabishane. Lakini familia zilikuwa zikihamia Australia moja baada ya nyingine, na alasiri moja mzee mmoja alibaki peke yake na kitabu. Mwenzake alikuwa amepanda ndege wiki hiyo.

"Mwambie mama yako akae hapa," akaniambia. "Aniulize chochote. Sijui kusoma bila kuulizwa."

Mama aliketi, tambara mkononi, macho mazito kwa uchovu.

"Eish, huyu mzee! Mie nimuulize nini?" Akapiga mwayo. "Haya, muulize: watu yake wote wameenda, yeye anabakia hapa na nani?"

Nikamwambia kwa Kiingereza. Mzee akakifunga kitabu na kulibusu jalada lake.

"Swali zuri," akasema. "Sasa ni zamu yangu. Muulize mama yako hilohilo."

Nikamuuliza. Mama aliinuka, akachovya tambara kwenye kopo la polishi, akaanza kupaka tena mahali palipokwisha kung'aa.